Muulize Fundi: Vumbi la rangi limeganda kwenye gari, linatokaje?

Kiangazi kikikaza kila mtu anakumbuka geti lake limechakaa, ukuta umefubaa, bampa ina mkwaruzo, kompresa zinaanza kulia kila kona ya mtaa na barua za magari yaliyotapakaa vidoti zinaanza kuja. Toleo hili nimeamua kuzijibu hizo tu, za gia boksi na taa ya injini zisubiri.

SWALI: Shikamoo fundi. Nakaa Tabata, nina Vitz nyeupe. Jirani yangu alileta fundi welda akampigia geti rangi kwa kompresa, kwanza ile redoksaidi nyekundu ya kuzuia kutu afu juu yake nyeusi ya mafuta, gari yangu ilikuwa imepaki upande wa pili wa ukuta na upepo ulikuwa unakuja kwangu. Nimekuja kugundua kesho yake, boneti na upande wote wa kushoto una vidoti vidogo vidogo, ukipitisha mkono ni kama msasa. Nimeosha na sabuni wapi. Kijana anayeniosheaga gari anasema nimpe hela akanunue thina lita moja atafuta yote dakika kumi, fundi mwingine kaja kaangalia kasema hapo dawa ni kupiga rangi upya upande mzima. Na hii gari mkopo wake hata sijamaliza. Nifanyeje?
*Mwenye Vitz, Tabata*

JIBU: Marahaba. Kwanza huyo wa kupiga rangi upya muage vizuri aende zake, maana kazi hiyo haipo hapo. Rangi ikitoka kwenye mdomo wa bunduki inatoka kama matone madogo sana, na bunduki za kawaida zinazotumika mtaani zaidi ya nusu ya hiyo rangi inaweza isifike kabisa kwenye geti, inapotelea hewani, ndo maana nje kwa wenzetu wakaja na bunduki za HVLP zenye presha ndogo mdomoni ambazo kipimo chake ni angalau asilimia 65 ya rangi ifike panapotakiwa. Sasa hicho kinachopotea kikisafiri na upepo thina inaruka njiani, kwa hiyo tone linafika kwako limeshaanza kukauka, linatua juu ya klia ya gari, yaani ile rangi ya juu kabisa inayoonyesha ndani kama kioo, na kushikilia tu pale juu, halijaingia ndani. Rangi yako chini yake ni nzima. Kazi yote ni kutoa kitu cha juu bila kuharibu cha chini, na watu wengi wanaharibu cha chini kwa haraka ya kutoa cha juu.

Na hicho cha chini ni chembamba kuliko unavyodhani. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima mpaka klia, mara nyingi ni kama maikroni 100 hadi 150, klia peke yake kama 40 au 50, na milimita moja ina maikroni 1000, piga hesabu mwenyewe. Ndo maana mtu akikwambia lete msasa tupitishe kidogo, muulize atapitisha kwenye maikroni zipi.

Kwa vile rangi yenu ilikuwa ya mafuta na bado haijakaa sana, anza na njia ya upole. Osha gari lote na shampuu ya gari, siyo sabuni ya unga, hakikisha mchanga wote umetoka. Peleka kivulini, bati liwe la baridi. Vaa glovu, lowesha kitambaa laini kwa tapentaini au mafuta ya taa, kidogo tu kisidondoke, sugua taratibu kipande kidogo kidogo, mfano nusu ya mlango, ukigeuza kitambaa kila kikishika rangi. Usiache mafuta ya taa yakaukie juu ya bodi, ukimaliza kipande osha palepale na shampuu suuza. Na tafadhali usifanyie karibu na jiko la mkaa wala mtu mwenye sigara, wengine mnaoshea magari uani hatua mbili kutoka jikoni. Rangi ya mafuta ikiwa bado changa italainika na sehemu kubwa itaondoka hapo. Ikishakaa wiki kadhaa inakuwa imeshaiva kwa hewa na mafuta ya taa yataiangalia tu, hapo usiongeze nguvu, ruka uende kwenye klei.

Klei ni kile kidongo laini cha kusafishia bodi, wauza vipodozi vya magari wanacho, Dar ulizia maduka ya spea Kariakoo na Shaurimoyo kule Ilala, siku hizi mpaka mtandaoni kinauzwa. Kilitoka Japani, na kabla hakijawa cha kuuziwa wenye magari kilikuwa kitu cha viwandani na gereji za bodi kwa shida hiihii yako, vumbi la rangi, miaka ya 1990 ndo kikaanza kuuzwa madukani Marekani. Kipo kilaini, cha kati na kikali. Nunua kilaini au cha kati, kikali muachie fundi mwenye mashine ya polishi maana kinaacha ukungu kwenye rangi ambao lazima uje utolewe.

Kukitumia: kata kipande, kanda mpaka kiwe bapa upana wa vidole vitatu. Chupa ya kupulizia weka maji na shampuu ya gari matone machache, pulizia bodi mpaka iteleze haswa, watu wanabana sana hapa wakati maji ni bure. Pitisha klei mbele nyuma kwa mstari ulionyooka, usizungushe, na usikandamize, uzito wa mkono wenyewe unatosha. Mwanzoni utasikia inakwaruza na mkono unashikwashikwa, endelea, baada ya muda inaanza kuteleza kimya, ujue hapo pametoka. Igeuze uiangalie, utaona wekundu na weusi wa geti la jirani umehamia humo, ikunje upande mchafu uende ndani upate uso safi. Eneo la nusu mita kwa nusu mita ndo uhamie lingine. Ikidondoka chini itupe. Najua inauma, umeinunua kwa hela, lakini imeshaokota mchanga na ukiirudisha kwenye bodi utachora gari zima, kwa hiyo tangu mwanzo kata vipande usitumie bonge zima.

Kujua kama pametoka kweli vaa mfuko laini wa nailoni mkononi upapase, ule mfuko unafanya vidole vihisi vitu ambavyo mkono mtupu hauvihisi. Ukimaliza upande mzima piga polishi laini kwa mkono au mashine, afu nta, maana klei imeondoka na nta yote iliyokuwepo na bodi iko uchi.

Sasa thina. Nayo siyo shetani, shida ni kwamba hujui gari yako imepigwa rangi gani. Vitz ikiwa bado na rangi yake ya Japani, klia yake iliokwa kwenye oveni kwenye joto la kama nyuzi 140, ikiguswa na thina sekunde chache ikafutwa haifi. Lakini ikiwa ilishapigwa rangi mtaani, na magari mengi ya kushika mkono wa pili au wa tatu yameshapigwa hata kama uliambiwa haijaguswa, na ikawa ile rangi ya NC (nitroselulosi) isiyo na hadina, yaani dawa ya kuchanganya ili rangi ikaze, basi thina itayeyusha vidoti vya jirani na rangi ya gari kwa pamoja, huyo kijana atakurudishia mlango wenye ramani. Kujaribu, chovya kitambaa cheupe gusa mahali pa siri. Ila watu wengi wanajaribia ndani ya mlango, na gereji zetu nyingi zikipiga rangi ndani ya mlango hazigusi, kwa hiyo unakuwa umejaribu rangi ya Japani afu unaenda kupaka thina kwenye rangi ya juzi. Jaribu kwenye bati lilelile lenye vidoti, chini kabisa kwenye ukingo. Kitambaa kikishika rangi ya gari acha, thina isikaribie. Na hata kisiposhika, mimi bado ningekwambia klei, maana dakika kumi za yule kijana nazijua, atamwaga thina kwenye boneti akaongee na simu.

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi niko Mombasa, Kongowea. Gari yangu ni Noah buluu iliyokoza, jumba la mbele yetu lilipigwa rangi ya maji nyeupe kwa mashine, siyo brashi, na mimi sikuwepo, gari ilikaa pale nje kwa jua takriban mwezi. Niliporudi nikaikuta kama imenyunyiziwa chokaa. Nimekwaruza kidogo na ukucha inabanduka lakini vidoti ni maelfu, siwezi maliza na kucha. Mafuta ya taa nimejaribu hayafanyi kitu.
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Waaleikum salaam. Mafuta ya taa hayakufanya kitu kwa sababu hiyo si rangi ya mafuta, kila rangi na adui yake. Rangi ya maji ikiwa mbichi ungeimaliza na mpira wa maji na sponji, nusu saa ya kwanza hivi au hata zaidi kidogo, ikishakauka inakuwa ngozi ya plastiki na maji peke yake hayaiyeyushi tena. Adui yake ni spiriti, ile ya kusafishia vidonda inayouzwa duka la dawa.

Lakini kabla ya spiriti irahisishie kazi. Tandika taulo zilizolowa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya gari juu ya boneti na paa, ziache robo saa au zaidi, ziwe mbichi muda wote, na ufanye asubuhi mapema au jioni, jua la Mombasa saa saba mchana litakukaushia taulo juu ya gari na kukuongezea kazi. Vidoti vikubwa vitakuwa vimelegea, hivyo unaweza kuvisukuma na ukucha au kadi ya plastiki iliyozungushiwa kitambaa laini, kadi tupu usitumie. Vinavyobaki ndo unalowesha kitambaa kwa spiriti, unakiweka juu yake kidogo, kama nusu dakika, unafuta. Spiriti inaruka haraka kwa hiyo fanya sehemu ndogo. Na jaribio la mahali pa siri nililomwambia wa Tabata linakuhusu na wewe pia.

Baada ya hapo klei kama kawaida, na kwa buluu iliyokoza polishi si hiari, gari ya rangi nzito inaonyesha kila mstari. Ukiona baada ya vidoti kutoka pamebaki duara zenye ukungu usishtuke, kompaundi laini kwa mashine inaziondoa mara nyingi. Msasa wa maji namba 3000 ni wa mwisho kabisa, na uwe mkononi mwa mtu aliyezoea, na asiuguse kwenye kingo na mikunjo ya bati kwa sababu pale klia huwa nyembamba zaidi na ndo panapotobokaga.

SWALI: Fundi habari za kazi, nipo Mwanza. Niligongwa ubavuni nikapeleka gari gereji, fenda na mlango vimepigwa vizuri sitaki kusema uongo, ila waliziba na magazeti tu, sasa vumbi la silva limejaa kwenye taa ya mbele, kioo cha mlango, raba za madirisha, zile plastiki nyeusi za pembeni mpaka tairi. Fundi anasema litaisha lenyewe na kuosha. Kweli?
*IST silva, Mwanza*

JIBU: Salama. Haliishi lenyewe. Kama wametumia rangi yenye klia na hadina, ile ya kuchanganya, ikishaiva hakuna cha mafuta ya taa wala spiriti, inatolewa kwa kukwanguliwa au kusuguliwa basi. Na gazeti kuzibia gari ni uvivu wa miaka mingi, lina vumbi lake, linaacha nyufa kwenye mikunjo na rangi ikiwa nyingi inalipenya, karatasi za kuzibia au nailoni zipo na si ghali. Kwa hiyo kwanza rudi gereji, kusafisha vumbi ni sehemu ya kazi uliyolipia, ila simama pale uone wanasafisha na nini, maana kila sehemu uliyotaja inataka kitu chake.

Kioo ndo rahisi. Kilowe maji ya sabuni, wembe mpya ulale, usisimame, sukuma mbele tu usirudishe nyuma. Tinti iko upande wa ndani kwa hiyo nje huna hofu, ila ndani ya kioo wembe usiingie, utaondoka na tinti na kwa kioo cha nyuma utakata zile nyuzi za kuondoa ukungu.

Taa ni hatari, hapo simama kabisa. Taa za magari ya siku hizi siyo kioo, ni plastiki ya polikaboneti, na thina au petroli vikiigusa inaweza kuingia nyufa ndogondogo ndani kwa ndani ambazo hakuna polishi itakayozitoa. Wembe pia hapana. Klei na maji ya sabuni mengi, afu polishi ya taa. Ukiona mtu anakuja na kitambaa kinanuka thina mwambie taa asiiguse hata kwa bahati mbaya.

Plastiki nyeusi zenye vinyweleo ndo zitakuchosha zaidi, klei inaingia kwenye vile vishimo na kubaki humo. Tumia brashi ya mswaki laini na tapentaini kidogo, futa haraka, osha. Kama rangi ni ya hadina na imeshakauka siku nyingi huenda isitoke yote, na ukikazana unaipausha, bora wakubadilishie au waipake rangi ya plastiki. Raba za madirisha vilevile, tapentaini kidogo kwenye kitambaa siyo kumwagia, ikikaa muda inaivimbisha raba. Tairi lisikunyime usingizi, barabara italisafisha.

SWALI: Fundi nasikia brekifluidi inatoa vumbi la rangi fasta kuliko kitu chochote, ni kweli?
*Arusha*

JIBU: Kweli kabisa, inatoa na rangi yako pia mpaka bati. Ikidondokea hata kwa bahati mbaya mwagia maji mengi palepale.

SWALI: Sasa fundi, niko Nairobi. Mimi hapa kwa ploti waliweka grili mpya, jamaa wa jua kali alikuwa anakata chuma na grainda karibu na gari yangu, siku hiyo sikuona kitu lakini mvua iliponyesha nikaona vidoti vya kahawia boneti yote na kioo. Ni rangi ama ni kutu? Gari ni nyeupe na nilidhani ni rangi ya grili.
*Probox, Nairobi*

JIBU: Poa. Hiyo ni kutu, lakini siyo bodi yako inayooza, bado. Cheche za grainda ni vipande vya chuma cha moto, vikitua kwenye gari vinachoma klia na kujichomeka, siku ya kwanza huvioni kwa vile ni vidogo na vyeusi, maji yakivipata vinapata kutu na kuanza kutoa kahawia. Tofauti na vumbi la rangi ni kwamba hili linaingia, kwa hiyo kuchelewa kunagharimu.

Tafuta dawa ya kutoa chuma kwenye bodi, wauza vitu vya kusafishia magari wanaijua, hapo Kirinyaga Road ukiulizia hutakosa wa kukuelekeza. Unapulizia gari ikiwa safi na ya baridi, inakutana na chuma inageuka zambarau na kuchuruzika, inanuka vibaya mno kaa upande unakotoka upepo, usiiache ikaukie, suuza kwa maji mengi. Ikibidi rudia, afu klei kwa vilivyobaki. Klei iwe baada ya dawa siyo kabla, maana ukianza na klei unaburuza vyuma vyenye ncha juu ya rangi.

Sasa kioo. Cheche nyingine zinayeyukia ndani ya kioo kabisa, wembe ukiondoa kile chuma panabaki kishimo, na hicho hakitoki. Kama viko mbele ya macho ya dereva na usiku taa za wenzako zinatawanyika, kioo kinabadilishwa. Ukiwa na jirani anayekata chuma, funika gari hata na blanketi bichi au ihamishe.

SWALI: Habari fundi, hii ya kwangu siyo ya dawa. Jirani kaniharibia gari kwa rangi ya geti, namdai vipi bila kugombana? Na bima inahusika? Nipo Morogoro.
*Naomba usiweke jina*

JIBU: Piga picha kabla hujaosha, mchana wa jua, kwa karibu na kwa mbali, na upige moja inayoonyesha gari na geti kwa pamoja rangi zikifanana. Vidoti vilivyo kwenye kioo viache hivohivo mpaka myamalize, kwenye kioo vinaonekana wazi kuliko kwenye bodi nyeupe na havidhuru chochote vikisubiri. Nenda kwa jirani mwenyewe siyo kwa fundi wake, na nenda na mtu mmoja mnayeheshimiana naye wote wawili, mjumbe au mzee wa mtaa, mpeleke akapapase gari kwa mkono wake mwenyewe. Watu wakisikia kwa mdomo wanadhani unatafuta hela, wakipapasa wanaelewa.

Bima ndogo haikuhusu hapo, ile inalipa madhara unayomfanyia mwingine kwa gari lako. Ukiwa na bima kubwa soma mkataba au uwaulize wenyewe kabla hujagusa gari, na uangalie kiasi unachotakiwa kuchangia mwenyewe kwenye kila dai, unaweza kukuta ni kikubwa kuliko gharama ya kusafisha, na hapo ni afadhali mmalizane na jirani.

Kiasi cha kudai kiwe cha klei, polishi na siku moja ya fundi. Kuna mafundi wakisikia jirani ndo analipa wanakuandikia hesabu ya kupiga rangi gari zima, ukiipeleka hiyo jirani atakataa yote, pamoja na ile halali. Mwambie fundi akuandikie gharama ya kusafisha, asaini na aweke namba ya simu, jirani akitaka ampigie mwenyewe.